Uso Kwenye Dirisha la Friza

3 Machi

Kwa aliyetengeneza mchezo wa "Friza Namba Tatu",

Habari za kazi. Mwishoni mwa mchezo wako umeandika, "Niambie ulichokiona," ukaweka na anwani. Kumwambia mtu kama mimi aseme ni kuyataka mwenyewe, kwa hiyo vumilia.

Mimi ni fundi wa mafriji na vyumba vya baridi. Ni mwanamke, ndiyo, na ngazi nabeba mwenyewe. Michezo ya kompyuta si mambo yangu. Binti yangu ndiye aliyeniita Jumapili mchana: "Mama, njoo uone, kuna gemu la kazi yako." Akafunga mapazia, akanivalisha hedifoni. Nikasema nacheza dakika tano nirudi kufua. Niliinuka baada ya dakika arobaini, nguo bado zimelala kwenye beseni, na mkono umekufa ganzi kwa kung'ang'ania kipanya.

Nianze na sifa. Ule mvumo wa feni umeupata wapi? Feni ya kweli ikianza kushika barafu hukwaruza kidogo kila mzunguko, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno zito. Umeiweka hiyo. Halafu tochi: mtoto akisimama inafifia, akitembea inapata nguvu, mpaka mchezaji anaogopa kupumzika. Hakuna damu, hakuna zimwi, hakuna kitu kinachoruka kukutisha. Kuna mtoto, makreti na mlango, basi. Nilitoka jasho kwenye mchezo wa barafu, mpaka binti yangu akanicheka.

Sasa lawama. Mlango wa friza huwa na kitufe cha kusukuma kwa ndani, aliyebaki humo aweze kutoka. Wewe unasema kiliganda. Milango ya zamani ya namna ile, kitufe hakigandi. Kinashindwa tu mtu akipachika kitu kwenye tundu la komeo kwa nje.

La pili ni mwisho wa mchezo. Tunaokota daftari la vipimo, tunaokota glavu, tunasikia nyayo, halafu uso unatokea kwenye kidirisha: Mwenye Koti. Ushahidi wote unamsukuma yeye kama mbuzi anayepelekwa machinjoni. Lakini mtu mwenye funguo zote za kiwanda ana haja gani ya kuhangaika na bisibisi yenye utepe mwekundu? Si angepiga kufuli akaenda zake? Binti yangu alimtukana Mwenye Koti matusi ambayo sikujua anayajua. Mimi nilimwonea huruma. Mbona umemchagua yeye?

Ni mimi,
Fundi wa friji


5 Machi

Ndugu Fundi,

Asante kwa barua yako. Nimepokea zaidi ya mia tatu, na wewe ni wa kwanza kumwonea huruma Mwenye Koti. Wengine wananiomba niongeze sehemu ya pili ambayo mchezaji atamlipizia kisasi.

Sikumchagua mimi. Ilitokea kweli. Nilikuwa na miaka kumi, mama yangu alikuwa karani kwenye kiwanda cha aiskrimu, na wakati wa likizo alikuwa ananichukua kazini kwa sababu nyumbani hakukuwa na wa kunishika. Siku moja nilijificha kwenye friza namba tatu, na mlango ukafungwa. Nilikaa dakika arobaini. Ndiyo maana mchezo ni mfupi: nimeupa muda uleule. Nilitoka nikiwa hai, ila vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa.

Aliyefunga ni mtunza stoo. Kila mtu alimwita Mzee Koti, kwa sababu koti la friza halikumtoka hata akiwa anakula. Nilimwona kwa macho yangu kwenye kidirisha, amekishika kile kitu mkononi. Siku ya pili yake akafukuzwa. Kwa nini alinifanyia vile sijui. Nimejiuliza miaka ishirini na sita, na nilidhani nikiutengeneza mchezo nitalipata jibu.

Nina swali moja. Mchezo wangu una rangi tatu tu: nyeusi, nyeupe na buluu ya barafu. Kitu alichoshika Mwenye Koti nimekichora kama mstari mweusi. Wachezaji wengine wanasema ni kisu, wengine ufunguo. Wewe umesema ni bisibisi yenye utepe mwekundu.

Ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini sijamwambia mtu yeyote. Umejuaje?

Mtengenezaji


17 Machi

Ndugu Mtengenezaji,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Kuna bucha moja hapa mota yake imekufa na nyama haingoji.

Kuhusu utepe, nilikisia tu. Sisi mafundi tunafunga utepe kwenye vipini ili visiteleze, na mwekundu ndio uliojaa madukani. Mdomo wangu huwa unatangulia, akili inafuata na mkongojo. Tangu utotoni nataniwa kwa hilo.

Pole sana kwa vidole. Sikujua kuhusu vidole.

Huyo mzee yu hai?

Fundi


18 Machi

Chiriku!

Ni wewe. Usikatae. Nimesoma barua zako mbili kwa sauti na nimekusikia kabisa, Chiriku binti wa dereva, uliyekuwa unaongea mpaka baba yako anakufukuza ukakae nyuma ya lori na maboksi. Bisibisi ya utepe mwekundu ilikuwa ya baba yako! Ilikaa siku zote kwenye dashibodi. Sasa nimeelewa: yule mzee aliichukua kwenye lori. Kumbe alipanga, na tena kwa kifaa cha mtu mwingine!

Mbona ulijificha? Uliona aibu kwa sababu mlihama bila kuniaga? Yamepita hayo. Nimefurahi mno, nimesimama na kuzunguka meza kama kichaa. Nilikuwa sina wa kuongea naye habari za kiwanda kile. Mama hataki hata kulisikia jina la aiskrimu.

Nakumbuka tulikuwa tunacheza kujificha. Zamu yako kutafuta. Nilisikia baba yako anapiga honi, nikajua unaondoka naye. Mule ndani nilikulaumu kidogo, nikasema Chiriku ameniacha. Halafu nikasema, ameitwa na baba yake, afanyeje? Na afadhali ulikwenda. Ungebaki, yule mzee angetufungia wote wawili.

Kama yu hai sijui, na sitaki kujua. Niambie habari zako. Una binti! Anafanana nawe kwa mdomo?

Wako wa zamani,
Kidoti


2 Aprili

Kidoti,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila nikifika pale uliposema "afadhali ulikwenda" nashindwa kuendelea. Nimeanza kukujibu mara nne. Hii ni ya tano na nitaituma hata kama ni mbaya.

Nilikutafuta. Nilikuona. Upindo wa gauni lako la njano ulikuwa unapita kwenye mapazia ya plastiki ya friza namba tatu. Nikafunga mlango taratibu. Nilikuwa na bisibisi ya baba mfukoni, nimekatazwa kuigusa lakini ndiyo niliyokuwa nachorea chini. Nikaipachika kwenye tundu la komeo. Nilitaka kuhesabu hamsini, wewe upige kelele, nifungue, tucheke.

Nilifika ishirini. Baba akapiga honi, akaita, "Ukichelewa nakuacha!" Nikakimbia.

Ningependa kukuandikia kwamba nilisahau. Sikusahau, Kidoti. Tulipofika getini nilikumbuka. Mlinzi alikuwa anainua kizuizi, na ningeweza kusema, "Baba, subiri." Maneno mawili yangetosha, lakini ningesema moja angeniuliza bisibisi iko wapi. Nikajiambia mtu atamfungulia, watu wamejaa pale. Tukatoka. Niliogopa kofi moja, wewe ukalipa vidole viwili.

Mambo ya vidole sikuyajua mpaka juzi uliponiandikia, na hilo pia ni kosa langu kwa sababu sikuuliza. Kesho yake baba alirudi nyumbani jioni. Alimwambia mama kwamba mtunza stoo amemfungia mtoto wa karani na amefukuzwa. Alipokuwa anasema alikuwa anatazama mikono yangu. Hakuniuliza kitu. Baada ya siku tatu alinunua bisibisi nyingine, akaifunga utepe wa buluu. Mwezi haukuisha tukahama mtaa, na mimi sikukanyaga tena kiwandani.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Hatukuwahi kulizungumza.

Binti yangu aliponivalisha zile hedifoni sikujua ni mchezo wa nani. Mwenye Koti alipotokea dirishani nilijua. Nikakuandikia ili nimtetee bila kujitaja. Uoga uleule, ila sasa uko ndani ya mtu wa miaka thelathini na sita.

Sikuombi kitu.

Chiriku


11 Mei

Chiriku,

Nimekaa kimya wiki tano kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa tusi. Usidhani hasira imekwisha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nimekuchora wewe kwenye mchezo kama rafiki! Kuna ukuta nimeandika kwa chaki majina yetu ya utani. Wachezaji wananiuliza, "Huyu Chiriku ni nani, mbona haji kumwokoa?"

Nilitaka kumalizia hapo. Lakini nikianza kukulaani, kuna sauti inaniuliza: na wewe je?

Nitakwambia kilichotokea ofisini. Nilikuwa nimefungwa blanketi tatu, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Meneja alipiga magoti mbele yangu. Akauliza, "Ulimwona nani dirishani?" Nikasema Mzee Koti. Akauliza, "Ndiye aliyekufungia?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake. Mama alikuwa amenikataza kabisa kusogelea mafriza. Alisema akinikuta huko atanichapa mbele ya watu, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaonywa asilete mtoto kazini. Nikisema tulikuwa tunacheza, nimekwisha, na pengine na yeye amekwisha. Nikisema mtu alinifungia, kosa si letu.

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

Chiriku, ule uso niliuona vizuri. Haukuwa uso wa mtu anayefunga. Macho yalikuwa yamemtoka, mdomo unatetemeka, na alikuwa anasema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya kioo. Halafu mlango ukafunguka! Ulifunguka, na aliyekuwa mlangoni ni yeye. Alinibeba. Nakumbuka vifungo vya koti vilivyonikwaruza shavu. Mtoto wa miaka kumi anajua tofauti ya mkono unaomfungia na mkono unaombeba. Nilijua pale ofisini. Baadaye nikasema uwongo wangu mara nyingi, kwa daktari, kwa shangazi, kwa walimu, mpaka nikauamini. Kisha nikautengenezea mchezo, na sasa maelfu ya watu wanauamini pamoja nami na wanamtukana kila siku.

Nimeuondoa mchezo sokoni jana. Watu wanalalamika.

Wewe uliuliza kama yu hai. Mtafute. Mimi siwezi, miguu inakataa, na safari hii si kwa ajili ya vidole.

Kidoti


25 Mei

Kidoti,

Nimempata. Wenzangu wanaotengeneza vyumba vya baridi wanajuana na watunza stoo wote wa zamani, haikuchukua hata wiki. Anakaa na mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na tisa anayesomea ushonaji, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Baada ya kufukuzwa hakuna aliyempa stoo tena, maana nani atampa funguo mtu aliyefungia mtoto? Alipima magunia kwenye mashine hiyo miaka ishirini. Kifua chake kinapiga filimbi kwa vumbi la unga.

Nilimkuta ananyoosha shati kwa pasi. Nikamwamkia. Nikasema, "Mzee, mimi ni mtoto wa dereva wa kiwanda cha aiskrimu." Hakuinua kichwa.

"Yupi? Yule msemaji?"

"Ndiyo."

"Kaa. Umechelewa."

Nikamwambia yote, palepale, kabla sijapoteza ujasiri. Alimaliza kola, akamaliza mikono, akalikunja shati. Kisha akasema, "Bisibisi niliijua nilipoichomoa. Nilimpa baba yako ule utepe mimi mwenyewe, kutoka stoo."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mtoto wa miaka kumi ni muuaji? Na baba yako ana watoto watano. Nilisema, huyu ni mtu mzima, atajitokeza mwenyewe. Nikampa siku mbili. Nikampa wiki." Akakohoa. "Unajua alifanya nini? Alikuwa anapita barabara hii na lori kila Jumanne. Akifika hapo mbele ananipigia honi. Miaka na miaka. Anapiga honi, anapunga mkono, anakwenda. Hakushuka hata siku moja."

Nikaanza kumwombea baba msamaha. Akanikata: "Ya baba yako yaache, amekwenda nayo. Wewe una yako."

Nililia mpaka mjukuu akaja kutazama. Ndipo likatoka jambo jingine. Mjukuu ameucheza mchezo wako! Kwa rafiki yake, kabla hujauondoa. Alipotusikia alishika mdomo. "Babu," akasema, "Mwenye Koti ni wewe? Mimi nilimtukana."

Mzee hakuelewa. Ikabidi tumweleze mchezo ni nini, na kwamba yumo. Halafu akauliza kama anaweza kuuona. Nakuomba umtumie nakala. Sikumwambia asiogope, wala wewe sikuambii usiogope, maana sijui atauchukuliaje.

Hajanisamehe. Aliponisindikiza, nikiwa na ngazi ya kazi begani, alisema tu, "Ngazi yako imelegea hapo juu, kaza." Nimekaza.

Chiriku


9 Juni

Kwa mtoto wa karani,

Salamu. Mkono huu ni wangu, mjukuu amepiga picha tu na kukutumia. Nimeandika madaftari ya stoo miaka kumi na nane, sihitaji kuandikiwa.

Nimeucheza mchezo wako. Mara ya kwanza mjukuu alinishikia kidude, mara ya pili nilishika mwenyewe, vidole vyangu vizito, nikagonga makreti sana. Unataka watu waseme walichokiona. Nitasema.

Friza umeiweka sawasawa. Kreti za vanila zilikaa kushoto, ni kweli, na taa ya pili ilikuwa mbovu, niliiandikia ripoti mara tatu. Sauti ya feni ni yenyewe. Ulipoanza kugonga mlango niliondoa hedifoni, nikatoka nje kupunga hewa. Mjukuu akadhani nimekasirika kwa ajili ya yule mtu mbaya mwenye koti. La. Huyo hakunisumbua. Mimi nilikuwa namsikiliza anayegonga.

Mwanangu, nilikusikia siku ile. Hili sikumwambia binti wa dereva alipokuja hapa kulia, nikamwacha aondoke akidhani mimi ni mtu mwema. Nilikuwa nimeketi nje ya friza namba mbili na kikombe changu cha chai. Nikasikia ngo, ngo. Nikasema ni mota, imeanza tena. Ikagonga. Nikasema nikimaliza chai nitakwenda kuitazama. Chai ilikuwa ya moto, na mtu wa friza haachi chai ya moto. Niliinywa yote. Dakika kumi, au kumi na tano. Nilipofika na kuona bisibisi kwenye tundu nikaelewa ni mtu. Nikaichomoa, nikachungulia kabla ya kufungua, kwa sababu niliogopa nitakachokikuta. Huo ndio uso uliouona.

Daktari alisema ungetoka robo saa mapema vidole vingepona. Alisema mbele yangu, hakujua anamwambia nani.

Basi meneja aliponiita akasema mtoto amenitaja, sikubisha. Watu walidhani kimya changu ni hatia, na hawakukosea, ila hawakujua ya nini. Baadaye niliona nimeadhibiwa kupita kipimo, nikamkasirikia dereva, nikamkasirikia mama yako, nikakukasirikia na wewe uliyetikisa kichwa. Hasira hiyo ninayo bado. Usidhani barua hii inaifuta. Lakini haki yangu ya kukasirika ina shimo katikati, na nimeishi nalo.

Mjukuu anasema umeuondoa mchezo. Urudishe. Ila kwenye mchezo wako uso ukitokea dirishani kunakuwa giza na kunaandikwa mwisho. Si mwisho. Mlango ulifunguka, niliufungua mimi. Hilo waonyeshe. Kisha uwapeleke wachezaji upande wa pili wa mlango, kwa mwenye koti, wakae kwenye kiti chake na kikombe mkononi, wasikie kugonga, na waamue wenyewe watainuka saa ngapi. Hapo ndipo wataogopa.

Mengine tuyaseme uso kwa uso. Njoo, na binti wa dereva aje. Ila msije pamoja. Kila mmoja nina ya kumwambia peke yake, na kifua hiki hakina tena pumzi ya kugombeza watu wawili kwa mpigo.

Aliyekuwa mtunza stoo